Dakika Tano za Bendi

Mimi ni mpiga besi. Nalisema hili mapema ili usije ukanivumilia kurasa zote hizi ukitegemea kwamba utafika mahali useme, "Ahaa, kumbe ni yule!" Hutafika. Kwenye jalada la santuri yetu mwimbaji yuko katikati, kafungua vifungo vitatu vya shati, mpiga solo kapiga goti moja, tarumbeta linang'aa, na mimi niko pembeni kushoto, nusu ya uso imekatwa. Mpiga picha alisema nafasi haikutosha. Nilimwambia angerudi nyuma hatua mbili ingetosha. Akacheka, na picha ikabaki ile ile.

Majina sitaandika. Watano kati yetu wameshakufa, siwezi kuwaomba ruhusa. Wa sita ni mimi, na jina langu halimsaidii mtu. Sisi wenyewe tuliitana kwa vyombo: Solo, Rithimu, Drams, Tarumbeta, Mwimbaji na Besi. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, aliniita Besi mpaka siku yake ya mwisho. Jina la ubatizo nilikuwa nalisikia kanisani tu, na mara nyingi nilichelewa kuitika.

Tulianza tukiwa vijana wa Moshi mjini tunaotaka kupiga roki. Nywele tulifuga, suruali tulivaa pana mpaka zikawa zinafagia vumbi la stendi. Tajiri mmoja mwenye hoteli alitusikiliza mara moja tu, akasema, "Vijana, kelele hizo kawapigieni wazungu wanaoshuka mlimani. Mimi nataka watu wacheze, waone kiu." Vyombo vilikuwa vyake, kwa hiyo tukapiga dansi. Lakini magitaa yalibaki na ile hasira ya roki, na nadhani hiyo ndiyo iliyotupa umaarufu. Tulipiga Arusha, Tanga, Dar, tukavuka mpaka hadi Nairobi. Watu walikuwa wanakata nguo za Mwimbaji wapate ukumbusho. Zangu hakuna aliyezigusa, zimenikalia miaka mingi.

Wimbo mmoja ndio uliotubeba. Unamhusu mtu anayemsubiri mpenzi wake njia panda ya Himo. Magari yanapita, ya kwenda Marangu, ya kwenda Kenya, na mpenzi hashuki kwenye gari lolote. Redio waliupiga mpaka watangazaji wenyewe wakawa wanauimba kabla haujaanza. Mpaka leo, zikisikika zile noti nne za kwanza za gitaa la Solo kwenye harusi yoyote ya huku kwetu, mashangazi wanaacha sahani wanainuka. Juzijuzi vijana wa Dar wamezichukua hizo noti nne wakaziweka kwenye wimbo wao. Binti yangu anayeishi huko alinitumia kwenye simu. Nikausikiliza mara tatu. Solo yumo. Besi wameweka ya kompyuta.

Bendi ilivunjika siku tajiri alipouza vyombo vyake. Gitaa la besi na amplifaya yake nilimlilia aniachie, akaniachia, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyevitaka. Kila mmoja akashika njia yake. Tarumbeta alirudi kanisani kwao akafundisha vijana kupuliza nyimbo za ibada, na aliwafokea kuliko mchungaji. Drams akaendesha malori kutoka Himo kuvuka mpaka. Mwimbaji aliokoka, akahamia Tanga kuhubiri. Alitangaza kwamba nyimbo zetu zote zilikuwa za Shetani, ila akinyoa ndevu alikuwa anaziimba, mke wake ndiye aliyetuambia. Rithimu alibeba mizigo ya wageni mlimani mpaka magoti yakakataa, ndipo akafuga ng'ombe. Solo alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo kihamba cha baba yake, shamba la urithi huko Kilema, kilikuwa kinamsubiri. Akaenda kulima kahawa na ndizi. Mimi nikarudi kwetu Masama, nikafanya hivyo hivyo, vibaya kuliko yeye.

Tangu hapo tulikutana misibani tu.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Tarumbeta. Familia yake ilituomba tupige ule wimbo kaburini, na wanafunzi wake wa kanisani wakasema, bila ubaya wowote, kwamba sehemu ya mwalimu wao wanaijua, wataipuliza. Mwimbaji alikuwa ameshaokoka, ila alikuja. Akawaambia, "Hapana, wanangu. Hapo ni pake." Katika wimbo ule kuna mahali patatu ambapo sauti inauliza na tarumbeta linajibu. Tulipofika hapo tukanyamaza wote, Drams akihesabu kwa midomo, halafu tukaendelea. Mara ya pili tuliponyamaza, mjane akageuza kichwa kabisa, kutazama kule ambako mume wake angekuwa amesimama. Nililia huku nikipiga. Watu walituambia hawajawahi kusikia kitu kama kile.

Ndipo tukaweka kanuni, tukiwa tumekaa kwenye migomba tunakunywa mtori wa msiba. Aliyekufa, sehemu yake haipigwi na mtu. Haijazwi, haifupishwi, haizungukwi. Tunaiacha wazi kwa urefu wake uleule. Na kila atakayekufa tutampigia wimbo huohuo kwa namna hiyo. Tulikubaliana bila kubishana, jambo ambalo halikuwahi kutokea tukiwa bendi.

Alipokufa Drams tulipiga bila ngoma, na Rithimu alipotaka kugonga mguu chini nilimkanyaga. Alipokufa Mwimbaji tulipiga bila sauti, na waombolezaji wa Tanga wakaimba wenyewe, tukawaacha, maana wao hawakuapa chochote. Alipokufa Rithimu tulibaki wawili, Solo na mimi. Hata siku ile ulikuwa bado wimbo. Solo alipiga zile noti nne, umati ukashusha pumzi kwa pamoja, na kuanzia hapo hata tungenyamaza nusu saa wangejua tuko wapi.

Sasa nikwambie kuhusu sisi wawili. Kila Jumapili alasiri, baada ya kila mtu kutoka kwenye ibada yake, mmoja alimpigia mwenzake simu. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. "Mmemaliza kuimba?" ananiuliza. "Ninyi mmemaliza kupiga magoti?" namjibu. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kichagga chake cha Kilema na changu cha Masama havielewani, na kila mmoja alidai cha mwenzake si lugha bali ni kikohozi. Tulisema habari za ng'ombe, za mvua, za miguu. Kisukari kilimla taratibu. Vidole vya mguu kwanza, halafu mguu. Mikono ilibaki mizima, akawa anajisifu nayo. Mimi mke wangu alikuwa amekufa, binti yuko mbali, nyumba ina vyumba vinne na sauti ya redio. Simu ya Jumapili ndiyo iliyonifanya nijue siku zinakwenda. Nisijifanye jasiri hapa. Jumamosi nilikuwa naanza kukumbuka mambo ya kumwambia, nayaandika kwenye karatasi nisije nikayasahau.

Jumapili moja hakutania. Akasema, "Besi, nikitangulia, utapiga?"

"Nitapiga."

"Peke yako?"

"Kwani nani mwingine yupo?"

"Bila kunijazia?"

"Solo, mimi nikujazie wewe kwa vidole gani? Nitapiga yangu, yenu nitaiacha wazi. Kanuni ni kanuni."

Halafu akasema, "Ungetangulia wewe mimi ningepata shida ndogo. Nikitangulia mimi utapata shida kubwa." Nikamwambia aache uchuro, anywe dawa. Tukaagana.

Jumapili iliyofuata simu ilipokelewa na mjukuu wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza. "Shikamoo babu," akasema, na kwa vile alivyoisema nikajua. Nilimwitikia marahaba, nikakaa chini kwenye ngazi ya baraza, na karatasi yangu ya mambo ya kumwambia ilikuwa mkononi.

Siku mbili baadaye mjukuu huyo alinipigia tena. Kamati ya mazishi imekubali. Baada ya misa, ikishasomwa historia ya marehemu, ratiba inasema: bendi, dakika tano.

"Lakini babu," akasema, "mimi nina wimbo wenyewe kwenye simu. Umetulia kabisa, wote mnasikika. Si tuuweke, na wewe upige juu yake?"

Nilimfokea. Nakiri, na sijivunii, binti amefiwa na mimi namfokea. Nilimwambia kwamba simu haina ubani wa kumtolea mtu, kwamba sisi tulikuwa na makubaliano kabla yeye hajazaliwa, na kwamba ukiupiga wimbo mzima namna hiyo ni kujifanya hakuna aliyekufa.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema kwa adabu tu, "Sawa babu. Ila naogopa watu hawatajua unapiga nini."

"Hawatajua? Kilimanjaro nzima wimbo gani unajulikana kuliko huo?"

"Sawa babu."

Nilifanya mazoezi siku tatu barazani, na nakwambia kweli, nilikuwa siko peke yangu. Ninapopiga besi yangu wote nawasikia. Tarumbeta anaingia panapotakiwa, Rithimu anakwaruza pale kati, Drams anaharakisha kama kawaida yake na mimi namrudisha. Nilimaliza nikiwa na jasho na furaha. Nikajiambia, wakisikia hii, watasikia ninachosikia mimi. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu nimekaa miaka mingi ndani ya wimbo ule, sikuwahi kuusikia nikiwa nje.

Jirani yangu anayekusanya maziwa alinibeba kwenye pikapu yake, amplifaya nyuma kati ya madumu, gitaa magotini kwangu. Tukashuka hadi barabara kuu, tukapita Moshi mjini, tukafika Himo. Pale njia panda nilimwambia apunguze mwendo. Akaniuliza kama kuna mtu tunamchukua. Nikamwambia hapana, twende.

Kilema kulikuwa na ukungu mwepesi, na turubai zimefungwa kati ya migomba mpaka karibu na kaburi. Watu walikuwa wengi, jamani. Watoto na wajukuu kutoka Dar, majirani, watu wa jumuiya, watu wa ushirika wa kahawa. Wote wanazungumza Kichagga chao, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nashika neno moja katika kumi. Mama mmoja aliyekuwa anagawa maji alinisimamia, akanisalimu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Meku, mzee wangu, wewe ni wa upande gani? Wa mama au wa baba?"

"Upande wa bendi."

"Bendi?"

"Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kijiji asichokijua, akanipa maji, akaendelea.

Misa ikaisha. Mshereheshaji, kijana mmoja wa ukoo mwenye koti zuri na kipaza sauti asichotaka kukiachia, akaita msomaji wa historia ya marehemu. Ilikuwa kurasa tatu. Nikasikia alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyolima, alivyokuwa mjumbe wa ushirika, alivyougua, hospitali zote alizolazwa. Katikati kulikuwa na sentensi moja: "Pia katika ujana wake marehemu alijishughulisha na muziki." Pia! Alijishughulisha! Mtu aliyesimamisha mji wa Nairobi kwa noti nne! Nilitaka kuinuka nimnyang'anye yule msomaji karatasi. Nikakaa. Nikajiambia, dakika tano zako zinakuja, mzee, utawajibu kwa gitaa.

"Na sasa," akasema mshereheshaji, "ratiba inasema bendi. Bendi iko wapi?"

Nikainuka. Nilimwona akitafuta wengine nyuma yangu.

Waya wa umeme ulitoka kwenye jenereta nyuma ya zizi. Nilichomeka amplifaya, ikawaka, nikasimama pembeni mwa kaburi, kushoto, mahali pangu. Jeneza lilikuwa mbele yangu. Shemeji, mke wa Solo, alikaa kwenye kiti cha kwanza, kitenge cheusi kichwani, mjukuu amemshika mkono. Nilimwinamia. Halafu nikaanza, na kuanza kwenyewe ni kunyamaza, kwa sababu wimbo unaanza kwa noti nne za Solo na Solo alikuwa ndani ya jeneza. Nikamhesabia noti zake nne. Watu wakaningoja.

Kisha nikaingia. Dum, dum-dum, nikashuka, nikapanda. Nikafika pa Mwimbaji, nikamwachia Mwimbaji. Mahali pa swali na jibu nikanyamaza, Tarumbeta akajibu, mimi nilimsikia, Mungu wangu shahidi. Mtoto akalia mahali fulani. Jenereta likakohoa. Watu wawili nyuma ya turubai walikuwa wanaulizana juu ya sahani, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti ya kawaida. Mimi nikaendelea. Pale kati, wimbo unapochemka, kuna kipande kirefu ambacho Solo anapiga peke yake na besi inatulia kabisa. Nikatulia kabisa. Nikasimama na mikono juu ya nyuzi, nikamwachia kipande chake chote, sikumwibia hata pigo moja. Nikarudi. Nikaupeleka wimbo nyumbani. Na mwisho wake ni noti ya Solo inayovutwa mpaka inakufa yenyewe. Nikaisubiri ife. Nikainamisha kichwa.

Mshereheshaji akasogea karibu, akaweka mkono begani kwangu, akasema kwenye kipaza sauti kwa upole mkubwa, "Haya mzee wetu. Ukiwa tayari, anza tu."

Sikumwelewa mara moja. Nilimwangalia. Nikawaangalia watu, mamia ya watu, na nyuso zote zilikuwa za watu wanaongoja. Alidhani nilikuwa natengeneza nyuzi. Wote walidhani hivyo.

"Nimemaliza," nikasema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, kijana."

"Aa." Akatazama ratiba yake, maskini, kana kwamba ingemsaidia. "Basi ndugu waombolezaji, tumshukuru mzee wetu kwa kujaribu."

Kwa kujaribu. Wakanipigia makofi, yale ya kumpigia mtoto aliyesahau shairi. Uso uliniwaka. Nimewahi kuzomewa Tanga, nimewahi kurushiwa chupa Arusha, na sijawahi kuona aibu kama ile. Lakini aibu haikuwa mbaya kuliko kile kilichokuja nyuma yake. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mmoja, hata mmoja, ambaye macho yake yangeniambia kwamba alisikia mahali palipoachwa wazi, na alijua ni pa nani. Watu waliojua hivyo walikuwa watano. Wa tano nilikuwa nimesimama pembeni mwa kaburi lake.

Mjukuu alikuja mpaka nilipo, simu mkononi. Hakusema "nilikwambia", Mungu ambariki. Alisema, "Babu, niuweke?"

Nilikuwa na hapana tayari mdomoni. Ndipo shemeji akaongea kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya chini, na kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza nilimsikia vizuri.

"Shemeji, mwache auweke. Nataka kumsikia."

Basi, ningesema nini? Sisi wanaume tulikaa kwenye migomba tukajiwekea kanuni zetu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mjane yeyote kama na yeye angependa kumsikia mume wake mara moja zaidi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Fundi wa vipaza sauti akaniambia, "Mzee, zima hiyo kwanza, inaleta mvumo." Nikazima amplifaya. Mjukuu akashika simu mbele ya kipaza sauti, akabonyeza. Vipaza sauti vya parokia vilikuwa vimefungwa juu ya mparachichi, vile vya pembe, na kutoka kule juu zikaanguka noti nne.

Loo! Umati mzima uliruka. "Kumbe ni huu!" akapiga kelele mama wa maji. "Yesu wangu, kumbe ni huu!" Wakubwa wakainuka, wengine wakaanza kuimba kabla Mwimbaji hajafungua mdomo, na mshereheshaji wa watu akasahau koti lake akawa anayumba na machozi yanamtoka. Shemeji alifumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti kwa nguvu, na alikuwa anatabasamu, kwenye mazishi ya mume wake, anatabasamu.

Na mimi nikawasikia. Nilikuwa sijawasikia hivyo miaka na miaka, kwa masikio, nje ya kichwa changu. Mwimbaji, kijana kabisa, anamuuliza dereva kama amemwona mtu wake. Tarumbeta anajibu. Drams anaharakisha, mpumbavu yule. Rithimu, na Solo juu ya wote. Wote walikuwa kule kwenye mparachichi. Nikatega sikio nijisikie na mimi.

Sikuwepo. Vipaza sauti vile vya pembe vimetengenezwa kwa ajili ya kutangaza misa, sauti nzito haipiti kabisa. Nilitafuta pale ninapoingia, nikasikia nafasi tupu. Nikatafuta pale ninapopanda, tupu. Waliokufa walikuwa wanapiga, na mahali pangu wameniachia wazi, kwa urefu uleule, kama tulivyokubaliana.

Iliniuma, nisikufiche. Iliniuma kifuani mpaka nikadhani nitaanguka na mimi mule mule shimoni.

Gitaa lilikuwa bado liko shingoni. Nikaweka vidole kwenye nyuzi, zikiwa hazina umeme, na kwa kelele zile za kuimba hata mimi mwenyewe sikuweza kujisikia. Nikaingia pale ninapoingia. Nikampa Mwimbaji sakafu yake, nikamrudisha Drams nyuma. Tulipofika kwenye kile kipande kirefu, Solo alichelewa kidogo kuanza, alichelewaga hapo siku zote, hata kwenye santuri alichelewa, na nikamsubiri.